Kibuyu cha Keren na Wake za Wafalme

Mwaka 2012 Keren alikuwa na miaka ishirini na sita, na jamaa zake wa Brussels waliomwita kwa jina lake walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wengine wote walimwita Malkia. Si kwa maringo; Keren alikuwa msichana wa kuuomba mlango radhi ukimbana kidole. Jina lilizaliwa kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles, katika saluni ya shangazi yake, maman Cécile, alikokaa Jumamosi nzima akisukwa huku tasnifu yake ya chuo kikuu imelala mapajani.

"Leo unasoma nani?"

"Wake za wafalme wa Uingereza ya kale, maman. Zaidi ya miaka elfu iliyopita."

"Aa! Na ule bwana wa kukuoa, yeye iko mu siècle gani, karne ya ngapi?"

Saluni nzima ikacheka, na Keren akacheka nao, kwa adabu. Lakini aliwapenda wanawake wake. Alimpenda binti mfalme aliyeozwa kwa adui ili vita viishe. Mjane aliyeongoza nyumba ya watawa, wanawake na wanaume pamoja. Na Ethelfleda, aliyetawala ufalme wa Mercia baada ya mumewe kufa, akajenga miji yenye ngome. Zaidi ya wote alimpenda malkia wa karamuni, anayepitisha kikombe cha kinywaji. Kila aliyeketi pale alijua cheo chake kwa zamu aliyopewa.

Kwa hiyo dada yake Yolande alipotolewa mahari, hakuna aliyeuliza nani atabeba kibuyu cha pombe cha kuwanywesha wakwe. Katika ukoo wao wa Bukavu, hiyo ni kazi ya mdogo wa bibi harusi.

"Malkia, ni siku yako," maman Cécile alimwambia akimfunga kitenge. "Usituletee haya zako."

Ukumbi wa Schaerbeek ulijaa. Upande wa bwana harusi, Guylain, walikaa watu wa Lubumbashi, na mbele kabisa walikuwa wawili: papa Jean-Pierre, baba yake, na tonton Onésime, mjomba wake, mtu mfupi aliyekunja koti refu mapajani. Vitabuni baba ndiye mkubwa. Bukavu pia. Keren akapiga magoti mbele ya papa Jean-Pierre.

Papa Jean-Pierre alikitazama kibuyu kama mtu aliyepewa sufuria ya moto bila kitambaa. Hakunyosha mkono. Maman Cécile akafumba macho, maana ndipo alipokumbuka alichosahau kumwambia: kwa watu wa Guylain mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba asipokunywa kwanza, hakuna ndoa.

Tonton Onésime alisimama, akaanza kuvaa koti.

"Donc miye niko nani hapa? Chauffeur ya kuwaleta na motokari?"

Yolande akaanza kulia chini ya kitambaa chake.

Keren angefurahi sakafu immeze. Lakini malkia wa vitabuni hakubeba kikombe tu, alisema maneno pia. Akageuka palepale, bado amepiga magoti.

"Tonton," alisema, kwa sauti ndogo kuliko yeye mwenyewe. "Nilisoma vitabu mingi sana juu ya nani anakunywaka wa kwanza. Wewe sikukusoma. Nilikosa. Usimwazibu yaya wangu Yolande juu ya kosa langu."

Mkono mmoja wa tonton ulibaki nje ya koti. "Vitabu gani?"

"Ya wake za wafalme. Waliozwa kwa adui, ili watu wapatane."

"Na walipatana?"

"Mara mingi, hapana. Vita ilirudia."

"Na mjomba yao, walimuuliza?"

Keren alipekua kichwani kurasa zote mia moja na arobaini za tasnifu yake. "Mjomba sikumuandika, tonton."

"Voilà!" Tonton Onésime aliugeukia ukumbi kama wakili aliyeshinda kesi. "Wanatuma mutoto bila kuuliza mjomba, alafu wanashangaa vita!"

Akavua koti, akaketi, akapokea kibuyu kwa mikono miwili. Alikunywa polepole, watu wote wakimhesabia mafunda, kisha akampa shemeji yake, papa Jean-Pierre. Vigelegele vikapasua ukumbi.

Jumatatu, nyumbani Ganshoren, Keren alianza sura mpya ya tasnifu, juu ya wajomba. Baadaye msimamizi wake aliisifu, akauliza wazo hilo amelitoa kwenye chanzo gani. Keren aliona haya kumjibu.