Konstrakta Iliyomtaka Baba

Mjomba alipofariki, mikorosho yake ya Mandawa haikuwa na ugomvi. Kwetu Wamwera shamba la mwanaume huenda kwa mtoto wa dada yake, na mjomba alikuwa na dada mmoja tu, mama yangu. Baada ya arobaini ukoo ulikaa. Mdogo wangu akakalishwa mkekani, akapakwa unga wa mtama kwenye paji la uso, akapewa jina la marehemu na nafasi yake. Tangu siku hiyo mama akawa anamwita mwanawe wa kumzaa "kaka" na kumtengea chakula kwa heshima zote. Mwanzoni tulicheka, kisha tukazoea.

Mimi nilikuwa Nachingwea mjini, kwenye ofisi ndogo inayotengeneza programu za kompyuta. Tulipata kazi ya kuandikisha wakulima wa korosho wa Ruangwa, wilaya yetu ya nyumbani. Msingi wa programu ulikuja umeshaandikwa Dar es Salaam na umefungwa. Sisi tulitakiwa kujenga juu yake tu. Ndani yake kulikuwa na klasi iitwayo Mkulima, yaani kielelezo ambacho kila mkulima angetengenezwa kwacho, na klasi zangu zote zilipaswa kurithi kutoka kwayo. Konstrakta yake, ile sehemu inayomuumba mkulima mpya ndani ya mashine, ilitaka vitu viwili kabla ya kingine chochote: jina lako na baba yako. Baba akishafariki, shamba lake ni lako. Basi. Mjomba hayumo.

Nilihangaika nayo sana. Niliandika klasi mpya ya Mrithi, inayomtambua mjomba. Lakini klasi ya mtoto haina ujanja. Ni lazima iite kwanza konstrakta ya mzazi, na mzazi akimaliza kazi yake shamba limeshapata mwenyewe, na kulibadilisha huruhusiwi. Nilimweleza bosi, mtu wa bara asiye na ubaya wowote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dada, mteja hakuomba wajomba." Nilitamani kumrushia kikombe. Aliwaandikia Dar hata hivyo, nao wakajibu kwamba msingi haufunguliwi kwa ajili ya wilaya moja.

Msimu ulipofunguliwa, mama na mdogo wangu walipeleka korosho ghalani. Karani alilitafuta shamba kwenye kompyuta, akakuta limesimama kwa jina la mtoto wa mjomba, anayeishi Masasi, ambaye hajawahi kupulizia dawa ya salfa hata mti mmoja. Karani naye ni Mmwera, mila anaijua kama sisi. Alimwambia mama kwa huruma kabisa kwamba mfumo ndivyo unavyosema. Wazee wa ukoo wakaenda ofisini kwa chama cha ushirika, wakaeleza, wakasikilizwa, wakaletewa soda. Wakarudi nyumbani na mfumo ukabaki vilevile. Mtoto wa mjomba mwanzoni aliona haya hata kupokea simu zetu. Haya ikamwisha, akaja na mnunuzi wa shamba.

Nilikuwapo siku hiyo. Mdogo wangu alisimama chini ya mkorosho wa mpakani na jembe mkononi, hataki kutoka, na majirani wakaanza kusogea. Mnunuzi alikuwa anatazama simu yake. Niliona hasira na aibu kwa pamoja, maana nilijua kila mstari wa ile programu na hakuna hata mmoja ulioharibika. Nilidhani mama atamwambia kama alivyozoea: kaka, twende.

Mama alimwita kwa jina lake la utotoni, lile la kabla ya unga, ambalo hakuwa amelitamka tangu arobaini ya mjomba.

"Njoo, mwanangu," akasema. "Toka kwenye shamba la watu."

Mdogo wangu akaweka jembe begani, akaja. Mama hajamwita kaka tena, na programu yetu inasifiwa mpaka leo kwamba haikosei.