Nilivyompa mwanangu chumvi ya achari nikiwa nimefunga

Wakuu, salaam. Haya nimeyafungia kifuani tangu Ramadhani iliyopita. Leo nayatoa yalivyo, hata pale panaponitia aibu.

Mimi natengeneza achari za embe na ndimu nyumbani, Mji Mkongwe. Chumvi natia kwa jicho tu, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Nikajiona fundi.

Siku hiyo mke wangu Zuwena alikwenda Chwaka kumtazama mama yake. Akaniachia Nasra, binti yetu wa miaka miwili.

Asubuhi mtoto akaanza kuharisha. Nikakumbuka ile dawa ya maji, sukari na chumvi tuliyofundishwa shule. Vipimo nilishavisahau. Nikachota chumvi kwa kijiko changu kikubwa cha achari, kimejaa pomoni, nikakoroga na sukari kwenye jagi la maji.

Sikuonja. Nilikuwa na saumu. Ningeonja kwa ncha ya ulimi nikatema, nisingekuwa naandika uzi huu.

Nasra alikunja uso, akakataa. Nikamlazimisha kikombe baada ya kikombe, najiambia dawa ndivyo zilivyo.

Adhuhuri alikuwa analilia maji kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikamgusa tumbo, ngozi imelegea kama unga wa maandazi uliokandwa. Kisha mkono wake ukaanza kurukaruka wenyewe.

Niliogopa, wakuu. Nilimbeba mbio hadi hospitali bila viatu.

Daktari, mama wa makamo, akaniuliza nimempa nini.

"ORS, daktari. Ya pakiti."

Uwongo mtupu. Niliona haya mbele ya wale akina mama kwenye foleni. Akageuka kuagiza dripu, iende kasi.

Hapo macho ya Nasra yakapinda juu. Aibu yote ikanitoka.

"Daktari, nimekudanganya! Nimemtilia chumvi mwenyewe, kijiko kizima cha achari!"

Akasimamisha kila kitu. Wakampa dawa ya degedege kwanza, damu ikapelekwa kupimwa. Mtoto alipotulia ndipo akanigeukia.

"Ukitia embe chumvi, maji yake yanakwenda wapi?"

"Yanatoka nje."

"Basi ubongo wa mwanao ndivyo ulivyo sasa. Kila seli ina utando, na maji yanapenya kuifuata chumvi iliyozidi kwenye damu. Seli zinasinyaa. Nikiyarudisha kwa pupa, zitavimba, tutampoteza. Itabidi polepole, baba."

Polepole hiyo ilikuwa siku mbili. Mwanangu midomo imekauka, anasema "maji, baba," na mimi nimekatazwa kumpa zaidi ya alichopimiwa. Nilikuwa nahesabu pumzi zake, naogopa hata kupepesa macho.

Zuwena alipofika nilimwambia yote mlangoni. Alinipita. Akaenda kukaa upande wa pili wa kitanda.

Alhamdulillah, Nasra alipona.

Nilichojifunza: wekeni pakiti za ORS nyumbani na mfuate maelezo yake, msikisie. Na daktari akikuuliza, sema kweli mara ya kwanza. Mimi dakika moja ya kuona haya ilitaka kunizikia mtoto.

Nyinyi wenzangu, nyumbani kwenu mnapima kwa kipimo gani? Semeni. Na anayetaka kunisuta anisute, nastahili.

Achari bado natengeneza, ila sasa napima. Juzi Nasra alichungulia bakuli la embe nililotia chumvi, akaona maji yamejaa chini.

"Baba, embe linalia?"

Nilifunika bakuli, nikamchukua nikampa maji ya kunywa.