Gari la Stima Lakosa Stima Rhonda

Hebu niambie, gari lako limewahi kuitwa coil? Jumanne nilikuwa ofisi ya stima hapa Nakuru, kwa foleni nyuma ya mathe mmoja wa mtaa wa Rhonda. Bintiye, nesi Uingereza, alinunua gari dogo la stima huko kwa bei nafuu, akawa analichaji kwa soketi ya nyumbani. Juzi amemtumia mamake gari hilo, limpeleke babake mzee kusafishwa figo. Landlord amekataa: “Hiyo ni kama coil tu ya kupikia, itaangusha stima ya ploti nzima.” Ndiyo mathe akaja kuomba meter yake mwenyewe.

Jamaa wa kaunta alicheka mpaka akashika meza. “Mathe, transformer ya huko imechoka. Peleka ikachajiwe Nairobi.”

“Nitaisukuma na mgongo, boss? Mzee anaenda kliniki kesho.”

“Si apande boda?”

Mgonjwa wa figo, boda! Na mvuke wa ardhini wa kutengeneza hiyo stima unafuka hapa Naivasha, tunauona kwa macho. Nina degree ya electrical na sina kazi, so don't tell me haiwezekani. Wakubwa wa stima, wekeni transformer mpya Rhonda, this week, na huyo mcheshi wenu aende amwombe mzee msamaha.