Vyerehani vya Mgeni Rasmi

Nilianza kufundisha ushonaji mwaka ule vita vilipoanza mpakani, katika kituo cha ufundi cha serikali upande wa Kicukiro. Watoto waliletwa kwetu baada ya kumaliza shule ya msingi na kukosa nafasi ya sekondari. Watu wa nje walidhani tunapokea wajinga. Mimi niliyekaa nao darasani najua haikuwa hivyo. Nafasi za sekondari idara ya elimu ilizigawanya kwa kabila na kwa mkoa mtoto alikozaliwa, na ikauita mgawo huo haki.

Katika darasa langu la mwaka wa pili alikuwamo msichana mmoja kutoka Masaka, ile ya kwetu nje ya mji, si ya Uganda. Mama yake alikuwa mjane, analima maharage na viazi vitamu kwenye kipande kidogo cha shamba. Msichana huyu alikuwa wa kwanza shuleni kwao miaka miwili mfululizo. Nilipomuuliza imekuwaje akafika kwetu, alijibu bila kuinua macho kwenye kitambaa chake, "Waliniambia nafasi zetu zimejaa, mwalimu." Alikuwa Mtutsi. Sikuuliza zaidi.

Nimesema kitambaa, lakini hata kitambaa hatukuwa nacho. Wasichana walishona karatasi. Tuliomba mifuko ya saruji kwa darasa la uashi, tukaikung'uta uani, tukaikata kwa vipimo vya sketi na blauzi, kisha tukaishona kwa sindano ya mkono. Karatasi haisamehe. Ukikosea mahali pa kutoboa, tundu linabaki pale pale. Cherehani kilikuwepo kimoja, kikongwe, hakina mkanda wala mahali pa kushikia sindano, nami nilikichora ubaoni sehemu baada ya sehemu. Baba yangu ni fundi cherehani, nimekulia barazani kwake mtaa wa Nyamirambo katikati ya kelele za pedali, na kila nilipomaliza kuchora niliona aibu kama mtu anayefundisha kuogelea kwenye sakafu.

Halafu siku moja asubuhi lori la serikali likaleta vyerehani. Vilikuwa ishirini na vinne, vimefungwa kwenye masanduku ya mbao, msaada kutoka nje. Wasichana waliacha mifuko yao ya saruji wakatoka nje kuangalia. Wengine walishikana mikono. Vibarua walishusha masanduku hadi stoo, mkuu wa kituo akatia saini, dereva akampa bahasha. Mkuu aliisoma barua akiwa amesimama pale pale, kisha akafunga stoo kwa kufuli akatia ufunguo mfukoni.

"Havifunguliwi," akaniambia. "Mpaka idara ilete mgeni rasmi avizindue."

"Atakuja lini?"

"Watatuarifu."

Nilimwuliza kama tunaweza kutoa kimoja tu. Alikuwa mtu mzima, baba wa watoto wengi, mwoga wa kila karatasi yenye mhuri. Akasema, "Mwalimu, mimi nataka kustaafu nikiwa kazini."

Muhula ukapita. Ukapita wa pili. Wasichana wakaingia mwaka wa tatu, mwaka wa mtihani, na masanduku bado yamo stoo. Niliandika barua tatu kwa idara, nikajibiwa moja, na jibu lenyewe lilisema barua yangu imepokelewa. Kwa hiyo niliomba ruhusa ya siku moja nikaenda mwenyewe.

Afisa aliyeshughulikia mafunzo ya ufundi alikuwa na meza kubwa yenye kioo, na chini ya kioo picha ya Rais. Aliniacha nimesimama akamalizia kusoma gazeti. Nikamweleza kwamba mtihani wa vitendo umekaribia na wanafunzi wangu hawajawahi kukanyaga pedali.

"Ratiba ya viongozi ni ngumu," akasema. "Nchi iko vitani, hujui?"

"Najua, Bwana Afisa. Siombi kiongozi. Naomba ufunguo."

"Na mtihani wa vitendo si tatizo. Tutaufanya wa maandishi. Waeleze kwa maneno jinsi ya kutunga uzi."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alivuta faili, akalamba kidole, akapekua. "Kituo chenu nakiona hapa. Fomu ya takwimu hamjarudisha. Hiyo ndiyo ya haraka."

Fomu hiyo niliifahamu vizuri. Kila muhula ililetwa na mkaguzi, mtu aliyekuja kwa pikipiki, akaingia darasani, akasema wasichana wasimame kwa makundi: Wahutu upande huu, Watutsi upande ule, na kama yupo Mtwa, peke yake. Alihesabu kwa kalamu, akarudia kuhesabu, akaandika. Hakuwahi kuuliza kama wanajua kupiga pindo. Safari moja msichana wa Masaka alichelewa kusimama kwa sababu sindano ilikuwa imemchoma na alikuwa ananyonya kidole. Mkaguzi akamwambia, "Wewe hujui upande wako?" Darasa likacheka kidogo, kicheko cha woga, na yeye akaenda kusimama. Mimi nilikuwa pale. Nilishika chaki nikanyamaza. Hasira nyingi ninazobeba leo ni za idara ile, lakini hiyo moja ni yangu mwenyewe juu yangu.

Siku ile nilitoka ofisini nikatembea mpaka Nyamirambo kwa miguu. Nilihofia kwamba nikipanda gari nitamtukana abiria asiye na kosa. Baba alikuwa anapiga pasi kanzu ya mteja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka pasi ya mkaa kwenye kigae chake.

"Wako wangapi?"

"Kumi na tisa."

"Walete. Ijumaa baada ya sala vyerehani vinne vinakaa bure hapa, mafundi wangu wanaenda zao. Jumamosi pia."

"Baba, idara ikijua?"

"Ijue nini? Kwamba watoto wanashona?"

Basi tukaanza. Walikuja kwa makundi ya watano watano, mwendo mrefu kutoka Kicukiro, viatu mkononi wakati wa mvua. Majirani waliwazoea. Muuza chai wa mkabala alikuwa akiwapitishia birika. Baba alifundisha kwa Kiswahili chake cha Nyamirambo na Kinyarwanda humo humo, akawapiga vidole kwa rula ya mbao waliposukuma kitambaa. "Usisukume, mwanangu. Iko inaenda yenyewe. Wewe uongoze tu."

Msichana wa Masaka alikuwa analala kwetu Ijumaa, kwa kuwa kwao ni mbali mno. Mama yangu alimtandikia mkeka chumbani kwa dada zangu. Siku ya kwanza alipokanyaga pedali, gurudumu lilirudi nyuma, uzi ukakatika. Mara ya pili pia. Mara ya nne mshono ukanyooka, na yeye akashona moja kwa moja mpaka kitambaa kikaisha, sindano ikaendelea kudunda hewani. Baba akanitazama juu ya miwani yake. Baada ya miezi mitatu msichana alikuwa anakata kola bila kupima, na wateja wawili walimwomba baba yangu awashonee "yule binti".

Hatimaye mgeni rasmi akapatikana. Tuliarifiwa siku mbili kabla. Masanduku yakafunguliwa, vyerehani vikapangwa uani kwa mistari, vinang'aa, vina harufu ya mafuta mapya. Afisa wa idara alikuja mapema kusimamia. Aliwakalisha wasichana kwenye vyerehani na kuwagawia vipande vya kitambaa cheupe.

"Uzi uko wapi?" nikamwuliza.

"Hauhitajiki. Wakanyage pedali tu, mpiga picha apige."

"Wasichana kumi na tisa wakae mbele ya watu wakijifanya wanashona?"

"Mwalimu, leo si siku ya ubishi."

Msafara ukaja na magari yake, hotuba zikatolewa, utepe ukakatwa. Mgeni rasmi akapita kati ya mistari akitabasamu, mpiga picha akirudi kinyumenyume mbele yake. Pedali zikalia, sindano zisizo na uzi zikatoboa vitambaa. Nilisimama pembeni, uso unaniwaka.

Alipofika mstari wa tatu akasimama. Msichana wa Masaka alikuwa anashona kweli. Alikuwa amekuja na kigurudumu cha uzi mwekundu kutoka kwa baba yangu, kiunoni, ndani ya sketi, na bobini, ile ya uzi wa chini, aliijaza kwa mkono wakati watu wakisikiliza hotuba. Mshono mwekundu ulikuwa umepita katikati ya kitambaa cheupe, umenyooka, na sasa alikuwa anageuza kona.

Mgeni rasmi akakishika kitambaa. Alifurahi, nadhani kwa dhati. "Hongera, binti. Mmeanza kujifunza kwa vyerehani hivi lini?"

Yeye akasimama kwa adabu, mikono nyuma. "Leo, Mheshimiwa."

"Leo? Na kushona umejua wapi?"

"Nyamirambo, kwa baba yake mwalimu. Hivi vilikuwa vimefungiwa stoo mwaka mzima na zaidi. Leo tumeambiwa tukanyage bila uzi."

Hakusema kwa ukali. Alijibu kama mtoto aliyeulizwa swali na mkubwa. Mgeni rasmi akamgeukia afisa, afisa akamgeukia mkuu wa kituo, mkuu wa kituo akatazama viatu vyake. Mpiga picha akashusha kamera. Kisha msafara ukaendelea na mstari wa nne, kwa mwendo wa haraka kidogo.

Adhabu haikuchelewa. Alasiri ile ile, wageni wakiwa bado wanakunywa soda zao, lori likarudi. Vyerehani vilipakiwa vyote kupelekwa kituo kingine, mkoa mwingine, ambako kulikuwa na uzinduzi wiki iliyofuata. Nilikimbia hadi kwenye lori nikashika ubao wa nyuma.

"Vinarudi lini?" nikamwuliza afisa.

"Wewe ungeuliza kuhusu kazi yako," akasema.

Wiki mbili baadaye nikapata barua ya kuachishwa kazi. Kosa langu lilikuwa kuendesha mafunzo nje ya kituo bila kibali na kukusanya vijana mahali pasipojulikana. Siku hizo za vyama vingi, maneno kama hayo yaliweza kumfikisha mtu gerezani, nami niliambiwa nishukuru. Wasichana waliandika mtihani wao wa vitendo kwa kalamu. Kumi na wanane walipata vyeti. Jina la yule wa Masaka halikuwamo kwenye orodha. Nilipomfuata afisa kumwuliza, alisema kwa upole, kama mtu anayenisaidia, "Kama nyinyi wawili mngejua kunyamaza, mambo yangekuwa rahisi kwenu."

Msichana mwenyewe alilipokea jambo hilo vizuri kuliko mimi. "Cheti kingeshona nini, mwalimu?" aliniuliza. Baba akampa cherehani cha karibu na dirisha, akawa fundi wa tano barazani, na tuliishi hivyo mwaka mmoja na miezi kadhaa. Nilishona ubavuni kwake. Jumamosi jioni alirudi Masaka kwa mama yake, Jumatatu anakuja.

Mwezi wa Aprili mwaka wa tisini na nne, ile Jumatano ndege ya Rais ilipoanguka, alikuwa kwao. Alikuwa ameomba ruhusa wiki hiyo kumsaidia mama yake kupalilia maharage. Waliuawa wote wawili, na jirani aliyenieleza baadaye alitaja walioua, watu waliokuwa wakiazimana majembe nao.

Sisi tuliobaki tulibaki. Mwisho wa mwaka, serikali mpya ikiwa imeingia, nilienda idara ya elimu. Jengo lilikuwa lile lile, madirisha hayana vioo. Nilimkuta kijana mmoja aliyerudi kutoka Uganda, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mafaili yamemwagika sakafuni. Nilimwambia nimekuja kuomba cheti cha mwanafunzi aliyenyimwa.

"Mama, karibu ukae," akasema, ingawa tulikuwa karibu rika moja. "Iko wapi orodha?"

"Siijui iliko. Lakini nilikuwa mwalimu wake."

"Na yeye yuko wapi? Aje atie saini."

"Amekufa. Aliuawa pamoja na mama yake."

Akaweka kalamu chini. Kisha akasema taratibu, "Mama, tuna walio hai wengi ambao hawana shule, hawana daftari. Cheti cha marehemu kitamsaidia nani?"

Alisema kweli, na hata hivyo damu ilinipanda kichwani. Nikamwambia kwamba ofisi hii ilijua kabila lake kila muhula kwa miaka mitatu, haikukosa kuandika hata mara moja, na jambo pekee alilolipata kwa mikono yake ilikataa kuliandika. Nikamwambia sitoki. Sauti yangu ilifika hadi korido, watu wakachungulia mlangoni.

Kijana akainuka, akatafuta kwenye kabati lililovunjika akapata fomu tupu za zamani. Alikata kwa kalamu mstari ulioulizia kabila. Akaniuliza jina nikamtajia, akaniuliza fani nikamwambia ushonaji, akaniuliza daraja.

"La kwanza," nikasema.

Akaandika. Mhuri ulikuwa haujafika, kwa hiyo alitia saini tu, akaniomba radhi kwa hilo. Nilipokea karatasi nikashuka ngazi, na huko chini nikakuta foleni ya walimu wanaosubiri kuambiwa shule zao zitafunguliwa lini. Mmoja alinisogelea akaniuliza kama huko juu wanajibu watu. Nikamwambia apande, na asitoke bila jibu.