Mtumbwi wa Rubisi Aliokalia Mpwa Wangu

Nilimkalisha mpwa wangu ndani ya mtumbwi wa pombe, na sikuuosha. Nakiri mapema, msomaji asije akanidhania mtu wa maana. Nilikuwa nimemaliza sekondari, najua mito ya Uingereza inakoanzia na inakoishia, lakini kwamba gogo la kukamulia ndizi mbivu lazima liwe na utamu uliokaukia ndani, hilo halikunijia.

Zilikuwa siku za Mwingereza, kwetu Ijumbi, mwaka ile homa ya kifua ilipozunguka dunia ikatufikia hata sisi tulio nyuma ya migomba. Dada yangu alikuwa amerudi nyumbani na mwanawe. Mtoto huyo alikuwa na umri wa kukimbiza mbuzi, lakini shingo yake haikuweza kubeba kichwa, miguu ilikakamaa ikapishana, na kifafa kilimtembelea kilipotaka. Hakusema neno. Kucheka alijua, na mara nyingi alinicheka mimi.

Kabla ya homa, muuguzi wa misheni alikuwa akija kwa baiskeli, anamnyoosha miguu juu ya manyasi yaliyotandazwa sakafuni sebuleni huku akimwimbia. Kila alipoondoka alirudia lile lile: asilishwe akiwa amelala, uji utamwingia kifuani. Misheni ilikuwa imemwagizia kiti kwa seremala wa Bukoba mjini. Homa ikaja, zahanati ikajaa wanaokohoa, muuguzi hakuonekana tena, na habari za kiti zikafia mjini. Tukaambiwa wasioumwa wakae kwao. Amri hiyo niliitii kuliko mtu yeyote wilayani.

Kisha dada akashikwa. Akajifungia chumba cha ndani asimwambukize mwanawe, maana kifua kile kisingebeba homa na uji kwa pamoja. Kumlisha kukawa kazi yangu. Nikimshika kwa mkono mmoja anajipinda kama upinde; nikimshika kwa miwili, kijiko kinakosa wa kukishika.

"Umemweka wima?" dada aliuliza kutoka nyuma ya ukuta wa matete.

"Yuko wima."

"Usinidanganye, kaka. Namsikia anavyokoroma."

Siku ile ile mtoto alipaliwa hadi midomo ikabadilika rangi. Nilimwinua, nikampiga mgongo, pumzi ikarudi. Nyuma ya matete dada alikuwa akikwaruza ukuta kwa kucha, na mkwaruzo huo ndio ulionitoa nje.

Kwa jirani yetu, mzee aliyesifika kwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, mtumbwi wake mdogo wa kukamulia ulikuwa umefudikizwa chini ya mibuni, hauna kazi. Mikusanyiko ilikatazwa, na nani akanyage ndizi ili anywe peke yake? Nilimwita nikiwa mbali, ng'ambo ya ua.

"Waitu, mzee wangu, naomba mtumbwi wako."

"Ukamue, wewe? Hata kumenya ndizi hujui."

"Wa kumkalisha mtoto."

Akanitazama. "Chukua. Usiupasue."

Nikauburuta hadi ndani, karibu na mlango, nikainua ncha moja juu ya jiwe, nikajaza majani makavu ya migomba. Mgongo wa mtoto uliingia kwenye ile ncha kana kwamba ilichongwa kwa ajili yake. Kichwa kikatulia. Kwa mara ya kwanza aliangalia mlangoni badala ya darini, akaona kuku, akacheka. Uji ukashuka wote.

Kesho yake jua likaupiga mtumbwi. Wakaja nzi, wakaja nyuki, wakafuata sisimizi. Nyumba ikanuka arusi. Nikawa napepea kwa jani la mgomba kutwa nzima, na mwenye mtumbwi ananicheka. Muuguzi alipoweza kuja, alisimama mlangoni akanusa.

"Huyu mtoto mnamlevya?"

Dada, aliyekuwa amepona lakini bado anatembea kwa kushika ukuta, alicheka mpaka akakohoa. Muuguzi akaweka sikio kwenye kifua cha mtoto.

"Kisafi," akasema. "Na kile kiti hakijaanza hata kuchongwa. Mwacheni humu humu. Lakini uuoshe, bwana mkubwa."

Nikauosha. Hata leo ndizi mbivu zikikamuliwa mahali, narudi kwenye nyumba ile: manyasi mapya sakafuni, dada akiuimba wimbo wa muuguzi kwa maneno ya Kihaya aliyoyatunga mwenyewe, na mtoto mlangoni, akimchunga kuku kwa macho.

Homa ilipoisha, watu wakaanza kuoana kwa fujo, na mzee akaja kuchukua mtumbwi wake. Nilikuwa nimeandaa hotuba, yenye utangulizi. Dada hakuandaa kitu. Alisimama tu kati ya mzee na mtoto, bakuli mkononi. Tukamkaribisha mzee kahawa ya kutafuna. Akatafuna taratibu, akimtazama mtoto anavyomeza ndizi zilizopondwa, kichwa wima, bila kupaliwa. Akatema ganda, akanigeukia.

"Mtoto abaki humo. Wewe uliyeshiba shule, chukua shoka uende ukanichongee mwingine. Porini hawajawahi kukuona."