Simu imeniambia mume wangu amezama

Leo mchana nimekuwa mjane kwa dakika chache.

Mnisamehe nikikosea herufi.

Mume wangu Deo alishuka Kasanga, kule ziwani, jana kupakia dagaa. Mimi nilikuwa hapa nyumbani Sumbawanga, napepeta ulezi na mama mkwe. Ukaingia ujumbe kutoka namba ngeni.

Sasa simu yangu, tangu ijisasishe, ina akili mnemba inayofupisha ujumbe kabla hujaufungua. Sikuiomba.

Ikaandika juu ya kioo: "Deo ametumbukia ziwani na kuzama."

Nikampigia. Hapatikani.
Nikarudia. Hapatikani.

Mama akauliza, "Kuna nini, mwanangu?"

Nikamsomea hivyo hivyo. Ungo ukamtoka mikononi. Hakulia. Akakaa chini, akawa anataja tu jina la mwanawe.

Ndipo nikaufungua ujumbe wenyewe:

"Mke wangu, ni mimi Deo. Simu yangu imetumbukia ziwani tukipakia mzigo, imezama. Hii ni ya mshikaji. Usiwe na wasiwasi."

Nikapiga namba ile, akapokea Deo mwenyewe. Nikampa mama simu.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia, "Nimekusikia, baba. Lakini panda gari leo leo uje nikushike."

Anayejua namna ya kukizima kitu hiki aniandikie hapa chini, tafadhali. Naogopa hata kuitazama simu ikilia.

Mama yuko mlangoni tangu saa ile, anaangalia barabara.