Mahali Mama Alipopachagua kwa Sikio

Jedwali langu lilikuwa na safu kumi na moja. Niliorodhesha humo viwanja vitano vya karavani vilivyoko kwenye vilima vya kusini, chini ya milima ya Drakensberg, na mbele ya kila kimoja nikaandika umbali kutoka Durban, mwinuko, hali ya barabara, umeme, maji ya moto, hatua za kutoka karavani hadi bafuni, na kuendelea hadi safu ya mwisho niliyoiita "mengineyo", ambayo ndiyo iliyonisumbua kuliko zote. Nilikuwa na wikendi moja tu, na sikutaka kuikosea.

Jumanne baada ya wikendi hiyo mama angepanda ndege kwenda Kanada, aliko dada yangu. Barua iliyomruhusu kuhamia huko kama mkimbizi ilikuwa na jina lake peke yake. Langu halikuwemo kwa sababu iliyoelezwa kwa adabu na usahihi ambao ningeusifu katika tasnifu ya mtu mwingine: nilikuwa mtu mzima, na faili langu lilikuwa jingine.

Mama alikuwa ameomba jambo moja. Alitaka kuamka asubuhi moja mahali penye vilima na baridi, panapofanana na kwetu, juu ya Uvira, kabla hajaenda kuishi katika baridi ya watu wengine. Tulikuwa tumeishi Albert Park, mjini Durban, miaka mingi, ghorofa ya saba, yeye akisuka nywele saluni, nami nikisoma hadi uzamivu. Na katika miaka hiyo yote sikumbuki akiomba kitu kisichokuwa cha lazima.

Kwanza nilipendekeza hema. Alicheka hadi akaweka kitana chini.

"Hema? Miye nililala mu hema miaka tatu, na hakuna mutu aliniita mutalii. Uende weye na hema yako."

Ndipo ikawa karavani. Jirani yetu, Mrundi, fundi wa magari huko Mobeni, alikuwa amefufua karavani kuukuu iliyotelekezwa uani kwao, akajitolea kuivuta kwa bakki yake, gari dogo la mizigo. Kila jioni aligonga mlango.

"Dokta, umechagua?"

"Bado nalinganisha."

"Eish. Siku ukioa, bibi harusi atazeekea altareni."

Alhamisi mama alikuja akaifunga kompyuta yangu kwa kidole kimoja.

"Namba za telefone za wenye viwanja uko nazo? Piga. Usiulize kitu. Umuambie tu atoke inje, anyamaze kidogo."

"Mama, watatuona wendawazimu."

"Basi tutakuwa wazimu wao. Piga."

Wa kwanza alidhani ni utapeli, akakata. Wa pili alitoka nje, tukasikia malori yakibadilisha gia moja baada ya jingine. "Hii ni Clairwood," mama akasema, akiutaja mtaa wa malori wa jiji letu. "Clairwood tutaenda kwa miguu." Wa tatu alikuwa na jenereta na mbwa asiyechoka. Wa nne alikuwa mwanamke ambaye sauti yake ilinifanya nimdhanie mzee, naye hakuuliza kwa nini. Tulisikia mlango, kisha viatu kwenye changarawe, kisha maji: maji yanayoanguka juu ya jiwe bila kupumzika. Mama akafumba macho.

"Ni hapa. Usipige tena."

Katika jedwali langu kiwanja hicho kilikuwa cha mwisho. Hakikuwa na umeme, barabara yake haikuwa na lami, na bafu lilikuwa mbali. Hata hivyo nilifungua ramani, nikaona mstari wa buluu ukipita karibu na mpaka wake, nikatulia. Mimi nasomea mienendo ya mito. Ilinifariji kwamba sikio la mama na ramani yangu vilikuwa vimekubaliana. Katika safu ya mengineyo nikaandika: mto.

Tuliondoka Jumamosi alfajiri. Mama alikaa mbele, na kati ya miguu yake aliweka dumu la njano la lita ishirini. Nilipomwuliza ni la nini, alijibu, "Ni langu." Njiani mashamba ya miwa yaliisha, miti ya mbao ikaisha, yakabaki majani makavu ya majira ya baridi, yenye rangi ya mkate. Tulipofika, mama alishuka, akavuta hewa, akaangalia vilima kwa muda mrefu. Kisha akainua kidole ili tunyamaze.

Hakukuwa na sauti. Upepo tu katika majani.

Mwenye kiwanja alikuja, kweli mzee, amevaa buti za mpira. Nikamwuliza mto uko wapi. Akaonyesha bondeni, mbali, akasema majira haya mto huo hausikiki hata ukisimama ukingoni. Kisha akatuongoza nyuma ya bafu kwa fahari. Bomba lilichomoza ukutani, likileta maji ya chemchemi. Koki yake ilikuwa imekufa miaka mingi na maji yakimwagika mchana na usiku juu ya bamba la jiwe. Jana yake, kwa kuwa wageni walikuwa wanakuja, alikuwa hatimaye ameweka koki mpya.

Nilianza kumwomba mama msamaha. Nilimweleza mstari wa buluu, kipimo cha ramani, jinsi nilivyokosea.

"Mto?" alisema. "Nani alisema mto? Mto haiongee vile. Ile ilikuwa bomba. Kama ile ya kwetu chini ya kanisa, ile ya bila robine."

Najua bomba hilo lisilo na koki kwa kusimuliwa: wanawake kwenye foleni na madumu, mama kati yao, mimi mgongoni mwake. Tuliondoka nikiwa na miaka mitatu. Sauti ile ilikuwa imepita sikioni mwangu kwa simu, nami nikaiita jina jingine.

Mama aligeuka akasema na yule mwanamke kwa Kizulu chake cha saluni, akionyesha koki. Mwanamke alimtazama, akalitazama dumu.

"Asubuhi," akasema. "Mfungue wenyewe, mfunge wenyewe."

Asubuhi majani yalikuwa meupe kwa barafu, na jirani bado alikuwa akikoroma ndani ya bakki. Mama alijifunga kitenge juu ya koti langu. Nilifungua koki; bomba lilikohoa, kisha maji yakaja. Akaweka dumu chini yake. Sauti ilipanda kadiri dumu lilivyojaa, naye akaifuata kwa kichwa, na lilipojaa hakuliondoa. Alinawa uso, mikono, hata miguu, kisha akaketi. Mimi nilijikuta nahesabu sekunde ili nijue kasi ya maji. Niliacha. Nilitaka kuirekodi sauti ile, nikatia mkono mfukoni.

"Acha iyo," alisema bila kugeuka. "Sikiliza."

Nikasikiliza, sijui kwa muda gani.

"Sasa funga. Maji ya mutu haimwagike bure."

Nilishika koki. Niliizungusha hadi ukabaki uzi mmoja mwembamba wa maji, nikasimama hapo.

"Maliza, mutoto wangu."

"Koki ni ngumu," nilisema.

Haikuwa ngumu. Ilikuwa mpya, imepakwa grisi. Mama aliniachia uongo huo, akainuka, akaweka mkono wake wenye maji ya baridi juu ya wangu, tukaifunga pamoja.